Tuache Kuunguza Mawese: Wekundu Ule si Uchafu

Andiko hili linapinga tabia moja ambayo kila mtu anaijua. Mama ananunua mawese mekundu sokoni, anayamimina ndani ya sufuria kavu, anaiweka juu ya makala yenye kuwaka sana, kisha anangoja. Mafuta yanaanza kutoa moshi. Watoto wanakohoa, majirani wanafunga madirisha. Wekundu unageuka rangi ya machungwa, kisha manjano, na mwisho mafuta yanabaki karibu meupe kama yale ya duka. Hapo mama anafurahi: "Sasa imekuwa safi." Ndipo anatia kitunguu.

Sisi tunasema hapana. Mafuta yale hayakuwa machafu. Kilichotoka na moshi ndicho kilikuwa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya chupa ile, na kilichobaki ndicho tungeweza kukipata mahali popote. Huyu mama amelipia vitu viwili, akatupa kimoja, na tena ametumia makala yake mwenyewe kukitupa.

Mtu atauliza: jambo hili linatafuta nini katika kijitabu cha mila? Si kazi ya waganga? Jibu ni kwamba kuunguza mawese si mila ya mababu. Wamama wazee wa vijijini hawakuunguza. Walitia mawese ndani ya chakula yakiwa mekundu, na sombe yenyewe ikawa na rangi. Kuunguza kumekuja pamoja na haya. Na haya, ndugu wasomaji, ni jambo la utamaduni.

1. Mti huu ni wa kwetu

Mti wa ngazi, ule ambao majirani wetu wa Tanzania wanauita mchikichi, haukuletwa na mzungu. Muhogo ulitoka Amerika, mahindi vilevile, maharagi vilevile. Lakini ngazi ni mwenyeji: asili yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Kule Kasai, Wakuba walichanganya mawese na unga mwekundu wa mti, tukula, wakajipaka mwili siku za sherehe na kuwapaka wafu wao. Kando ya ziwa Tanganyika, kutoka Fizi na Uvira mpaka Rumonge kule Burundi na Kigoma kule Tanzania, mawese ni biashara ya zamani. Wazungu wa kwanza waliofika Ujiji katika karne ya 19 waliyakuta tayari yanauzwa sokoni.

Wakoloni walijua thamani yake upesi kuliko sisi wa leo. Mwaka 1911 Ubelgiji ulipatana na Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, ukampa haki juu ya maeneo ya ngazi mpaka hektari 750 000. Lusanga, katika Kwilu, iliitwa Leverville kwa jina lake. Watu walisukumwa kukata mikungu kwa malipo ya kuchekesha. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na mamia yao waliuawa. Mafuta yalipanda meli, yakawa sabuni na margarini ya watu wengine.

Kuna jambo lingine ambalo watoto wetu hawafundishwi darasani. Mwaka 1941, kule Yangambi, chini ya Kisangani kwa mto, watafiti wa INEAC walioitwa Beirnaert na Vanderweyen walieleza jinsi ngazi ya ganda nene inavyochanganywa na ile isiyo na ganda, na mtoto wao anakuwa na ganda jembamba na nyama nyingi yenye mafuta. Mtoto huyo anaitwa tenera. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia leo yamejengwa juu ya elimu hiyo. Nchi hizo mbili, ambazo zilianza na miche minne iliyopandwa Bogor mwaka 1848, sasa zinatoa zaidi ya sehemu 80 kwa mia za mawese ya dunia nzima.

Na sisi? Mti ni wa kwetu, elimu ilipatikana kwetu, na leo sokoni tunanunua bidoni za mafuta ya Asia zilizoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Mafuta yale ni nini? Mengi yao ni mawese! Ni mawese ambayo yamevuliwa rangi katika kiwanda. Ndiyo sababu mama wa Bukavu au wa Kalemie akiunguza mawese yake ya Fizi, anajaribu kuiga kiwanda cha Asia kwa sufuria moja na makala.

2. Ndani ya wekundu kuna nini?

Tueleze kwanza neno antioksidanti, maana linatajwa sana na linaeleweka kidogo. Ukikata vokadu na kuiacha mezani, inakuwa nyeusi. Ukiacha jembe nje, linashika kutu. Mafuta yakikaa muda mrefu katika chupa iliyo wazi, yanaanza kunuka vibaya na kuchoma koo. Katika yote matatu hewa imehusika: oksijeni inashika vitu na kuviharibu. Ndani ya mwili wetu pia kazi kama hiyo inaendelea kila saa, na mwili una njia zake za kuizuia. Antioksidanti ni kitu ambacho kinakubali kuliwa cha kwanza, kama askari wa mbele, ili kilicho nyuma yake kipone.

Mti wa ngazi ulijiwekea askari hao ndani ya mafuta yake mwenyewe. Wa kwanza ni karotene. Ndizo zinazoleta wekundu. Kilo moja ya mawese yasiyosafishwa ina karotene kama miligrama 500 mpaka 700. Karoti, ambayo kila kitabu cha shule kinaisifu, ina kama miligrama 8 za beta-karotene katika grama 100. Mawese, katika grama 100 hizohizo, yana karotene 50 na zaidi. Wa pili ni jamaa ya Vitamini E: miligrama 600 mpaka 1000 kwa kilo, na sehemu kubwa yake ni ile aina inayoitwa tokotrienoli, ambayo huipati karibu kabisa katika mafuta ya alizeti, ya soya wala ya karanga.

Tuwe wa haki: mafuta ya alizeti nayo yana Vitamini E nyingi na nzuri. Lakini hayana karotene ya kuhesabu, na asili yake ni nyepesi kushikwa na hewa, kwa hiyo yanaharibika upesi juu ya moto wa kukaanga. Mawese yanavumilia zaidi. Si uchawi, ni jinsi yalivyoumbwa.

Lakini kazi kubwa ya karotene si hiyo ya askari. Mwili unaichukua na kuigeuza Vitamini A. Pasipo Vitamini A, mtoto anaanza kutoona jioni, anajikwaa katika njia anayoijua; akiendelea kukosa, jicho linakauka, na linaweza kupofuka kabisa. Surua na kuhara vinamshinda upesi kuliko mwenzake. Wataalamu wa lishe wakipiga hesabu yao ya kawaida, vijiko viwili vidogo vya mawese yasiyounguzwa kwa siku vinatosha kumpa mtoto wa miaka miwili Vitamini A anayohitaji. Vijiko viwili vidogo! Hatusemi sufuria.

Hii si hesabu ya karatasi peke yake. Kule Burkina Faso, katika sehemu ambapo watu hawakuzoea mawese, yaliletwa kutoka upande wa nchi unaoyatoa, na wamama wakahimizwa kuyatia katika chakula cha watoto. Baada ya miaka miwili damu ilipimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliopungukiwa na Vitamini A walikuwa wamepungua, wamama na watoto pia. Watu ambao hawakuwa na mila ya mawese waliipokea na kupata faida. Sisi tulio na mila hiyo tunaipeleka motoni.

Tuangalie na sombe yetu. Majani ya muhogo nayo yana karotene, lakini karotene haiingii vizuri katika mwili pasipo mafuta. Wamama wazee hawakusoma neno karotene, lakini walitwanga sombe, wakaichemsha muda mrefu mpaka ikalainika na kutoa ile sumu yake, kisha wakatia mawese. Chakula chenye maji hakipiti sana degre 100, na katika joto hilo sehemu kubwa ya karotene inabaki. Utaratibu wao ulikuwa sawa kuliko wa jikoni nyingi za wasomi.

3. Moto unafanya kazi gani?

Sasa tuje kwenye sufuria kavu. Mafuta peke yake, pasipo maji, yanapanda mpaka degre 200 na kupita. Hapo karotene zinavunjika moja kwa moja. Dakika chache zinatosha kumaliza kazi ambayo mti ulifanya kwa miezi. Vitamini E nayo inapungua. Askari wakiisha kufa, mafuta yenyewe yanabaki bila ulinzi, na yakikaangiwa tena yanaharibika upesi zaidi.

Moshi ule mkali unaochoma macho si mvuke wa uchafu. Ni mafuta yenyewe yanavunjika, na ndani yake kuna akrolini, kitu kinachokwaruza macho na mapafu. Mwaka 2010, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya OMS, lilitoa kitabu ambamo moshi wa kukaanga kwa moto mkali sana umewekwa katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa. Nani anauvuta? Mama, na mtoto aliye mgongoni kwake. Na siku mafuta yanaposhika moto, nani anaungua? Ni haohao.

Kisha kuna jambo ambalo linapaswa kutuumiza roho. Mara kwa mara watoto wa chini ya miaka mitano wanaitwa kwenye kituo cha afya kupewa Vitamini A. Mtoto wa miezi 6 mpaka 11 anapewa kapsuli ya bluu ya vipimo 100 000. Aliyetimiza mwaka anapewa ile nyekundu ya 200 000. Tafadhali, mama yeyote asisome andiko hili akaacha kumpeleka mtoto! Kapsuli ile imeokoa wengi, na mtoto aipate. Lakini tuseme ukweli: tunasimama kwenye mstari saa nyingi kungojea kapsuli nyekundu kutoka ng'ambo, na jioni tunarudi nyumbani kuunguza wekundu wetu mpaka uishe. Kapsuli inakuja mara moja au mbili kwa mwaka. Sombe inakuja karibu kila siku.

4. Tuwajibu wanaopinga

Wa kwanza wanasema: "Inanuka." Mawese mazuri hayanuki vibaya, yana harufu yake, kama vile samaki ana harufu yake na asali harufu yake. Yale yanayonuka vibaya yametengenezwa vibaya au yamezeeka. Dawa ya mawese mabaya si moto, ni kutoyanunua. Ukiunguza mafuta yaliyokwisha kuharibika, umeondoa harufu tu, ubaya umebaki. Ni sawa na kumpaka marashi mtu mwenye kidonda.

Wa pili ni wasomi zaidi. Wanasema: "Munganga alikataza mawese, juu ya kolesteroli." Hoja hii ina ukweli, na hatutaificha. Mawese hayana kolesteroli ndani yake, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina nzito, ile inayoganda wakati wa baridi, na mafuta ya namna hiyo yakiliwa kwa wingi yanapandisha kolesteroli mbaya katika damu kuliko mafuta ya alizeti au ya soya. OMS inashauri aina hiyo isipite sehemu 10 kwa mia za nguvu tunazopata katika chakula. Kwa hiyo mtu mzima mwenye presha au ugonjwa wa moyo, amsikilize munganga wake na apunguze. Lakini tuulize swali moja: moto unaondoa nini? Unaondoa karotene. Yale mafuta mazito hauyagusi, yanabaki yote! Anayeunguza mawese kwa kuogopa kolesteroli ameacha kile alichokiogopa na kutupa kile alichokihitaji. Ni kama mtu anayeona mwizi nyumbani, akafukuza mbwa.

Wa tatu wanasema: "Ya duka iko na vitamini, imeandikwa ku bidoni." Mara nyingine ni kweli. Kule Kenya, Uganda na Tanzania sheria inaomba viwanda vitie Vitamini A katika mafuta ya kupikia. Ni sheria nzuri kwa watu wasio na kingine. Lakini tufuate safari nzima ya mawese ya kiwanda. Yanafika mekundu. Yanapitishwa katika udongo maalumu wa kunyonya rangi. Yanachemshwa kwenye degre 240 mpaka 260 ili harufu itoke. Karotene zote zimekwisha. Halafu kiwanda kinanunua Vitamini A iliyotengenezwa na kuitia ndani, na kuchora bidoni kwa maandishi makubwa. Wamekuvua nguo, wakakuuzia shati. Tena, mwaka 2016, shirika la Ulaya la usalama wa chakula, EFSA, lilionya kwamba mafuta yakisafishwa kwa joto la kupita degre 200 yanazaa vitu vyenye madhara, na mawese ya kiwanda ndiyo yaliyoonekana kuwa navyo kwa wingi zaidi. Tangu wakati ule viwanda vimekazwa kuvipunguza. Lakini neno "safi" lililoandikwa kwenye bidoni halimalizi mazungumzo.

Wa nne hawana hoja, wana dharau. "Mawese? Ile njo mafuta ya bale ba ku kijiji." Hawa tuwajibu kwa ufupi. Bila mwanakijiji unayemcheka, mji wako ungelala njaa. Mwenye kuona haya juu ya rangi ya chakula cha mama yake hajastaarabika; amefundishwa tu kujitazama kwa macho ya mtu mwingine. Wahenga walisema: mwacha mila ni mtumwa. Na huyu anauacha wekundu wake, anaulipia weupe kwa franga zake mwenyewe.

5. Wenye kuuza miujiza nao wasikie

Upande mwingine kuna watu wanaotumia neno antioksidanti kama hirizi. Wanapita katika ofisi na makanisa na chupa ndogo za bei kubwa: kidonge hiki kinaponya kansa, kile kinaondoa sukari, kingine kinarudisha ujana. Wengine wameanza kusema hivyohivyo hata juu ya mawese. Hatutaki msaada wao.

Mambo haya yamekwisha kupimwa. Kule Finland, wanaume zaidi ya 29 000 wavutaji wa sigara walifuatwa miaka mingi. Wengine walipewa vidonge vya beta-karotene kila siku kwa matumaini ya kuwakinga na kansa ya mapafu. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: waliopewa karotene walipata kansa ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Marekani walifanya jaribio lingine kama hilo. Mwaka 1996 lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu hiyohiyo.

Tujifunze nini hapo? Kwamba kitu kilicho chema ndani ya chakula, kwa kipimo cha chakula, kinaweza kudhuru kikikamuliwa, kikakusanywa kwa wingi na kumezwa kama dawa. Mawese hayaponyi kansa. Hayaponyi sukari. Hayaondoi sumu aliyokunywa mtu, ingawa mitaani wengi wanaamini hivyo na wanapoteza saa za kumfikisha mgonjwa hospitali. Mawese ni chakula. Kumtetea ndugu yako hakukulazimishi kumsingizia sifa ambazo hana.

6. Na sisi wenye mila tujisahihishe

Ukosoaji ukiishia kwa wamama wa mijini, tutakuwa tumesema nusu. Wenye mashamba na wenye kuuza nao wana sehemu yao.

Kwanza, ngazi zinakatwa na kurundikwa siku nyingi mpaka zilegee, ili zitoke upesi kwenye mkungu. Kila siku inayopita, asidi inapanda ndani ya tunda. Biashara ya dunia inakataa mawese yakipita asidi 5 kwa mia. Zikichemshwa mapema, kazi hiyo ya kuharibu inasimama. Wazee waliotwanga ngazi zao siku chache baada ya kukata walipata mafuta laini yenye harufu njema. Leo haraka ya soko na upungufu wa sufuria kubwa vimeleta mirundo inayooza, na moja kwa moja mnunuzi anasema mawese yananuka. Anayeunguza mjini mara nyingi anakimbia kosa lililofanyika shambani.

Pili, maji. Mawese yasiyokaushwa vizuri yanabeba maji chini ya bidoni, na maji yanaharibu. Kuyachemsha polepole mpaka povu liishe na sauti ya maji inyamaze ni kazi nyingine kabisa na kuyaunguza. Hapo moto ni rafiki.

Tatu, jua. Wazee waliweka mawese katika chungu au kibuyu, kwenye kona yenye giza. Sisi tunayapanga kando ya barabara katika chupa za plastiki nyeupe, tangu asubuhi mpaka jioni, ili wapita njia waone jinsi yanavyong'aa. Mwanga na joto vinakula karotene, na hewa inaingia chini ya kizibo kilicholegea. Mwenye kuuza anaweza kuonyesha chupa moja na kuficha zingine chini ya meza, ndani ya karatoni. Je, hilo lina gharama gani?

Nne, mafuta ya kukaangia. Kuna mafuta yanayokaanga mandazi Jumatatu, ndizi Jumanne, samaki Jumatano, mpaka yanakuwa meusi na mazito kama asali ya zamani. Hapo hakuna tena antioksidanti ya mtu yeyote, awe wa Fizi au wa Malaysia. Tunajua biashara ni ngumu na faida ni ya mkate wa watoto. Lakini mafuta yanayotoa povu na moshi kabla ya kuwa moto kweli, yasirudi tena chini ya mandazi.

Tano, wadanganyifu. Kule Ghana, mwaka 2015, serikali ilikamata sokoni mawese yaliyotiwa rangi ya Sudan IV, rangi ya kiwanda ambayo haifai kuliwa. Kwa nini waliitia? Juu ya kule wanunuzi wanapenda wekundu. Siku sisi pia tutakapoanza kuuheshimu wekundu, wezi watakuja na rangi yao. Tuwe macho: mawese ya kweli yakipoa yanagawanyika, mazito yanashuka chini na mepesi yanabaki juu, wekundu wake unaelekea machungwa, na mnunuzi bora ni yule anayemjua mtengenezaji kwa jina.

7. Tunaomba nini?

Maombi yetu ni madogo, na hakuna linalohitaji mradi wala pesa kutoka nje.

Mama jikoni: usiyaweke mawese peke yake juu ya moto mkali. Tia kitunguu na nyanya na maji kidogo mapema, au yatie katika sombe, katika maharagi na katika lengalenga vikiisha kuiva. Ukitaka kukaanga kitu, tumia mafuta mengine, ukiache kile kipimo kidogo cha mekundu kwa chakula cha mtoto. Kwa mtoto anayeanza kula, kijiko kidogo ndani ya uji au ndizi iliyopondwa kinatosha.

Baba mezani: usirudishe sahani kwa sababu mboga ina rangi. Mara nyingi mama anaunguza juu yako wewe.

Mwalimu: ukifundisha Vitamini A, weka karoti kando kwa siku moja, uchore mkungu wa ngazi ubaoni. Na ukifundisha historia, waambie watoto habari ya Leverville na ya Yangambi pamoja, maumivu na elimu.

Muuguzi kwenye kituo: siku ya kutoa kapsuli, wamama wamekusanyika mbele yako. Chukua dakika tano tu, uwaulize wanapika namna gani.

Mwenye shamba: chemsha ngazi mapema, kausha mafuta vizuri, jaza bidoni mpaka juu, ufunge. Ukipeleka mafuta mazuri sokoni, mji utakosa kisingizio.

Na sisi wa mashirika ya utamaduni: tumezoea kulinda mila kwa kuvaa na kucheza. Ngoma ikiisha, tunakula wali uliopikwa kwa mafuta ya bidoni ya kigeni, tunapiga makofi, tunaagana. Basi katika sherehe zetu zinazokuja, sombe iletwe nyekundu, mbele ya wageni wote, na asiwepo mtu wa kuomba radhi.